Historia ya Mwalimu Umejuaje na Majiko Matatu ya Mkondo wa D

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, wanafunzi, nanyi nyote mliokuja kumsindikiza, familia imemkabidhi binti mkubwa wa marehemu kazi ya kuwasomea historia hii, iliyotungwa na bibi yake, yaani mama mzazi wa marehemu, kwa siku mbili kwenye meza ya jikoni, na sharti la bibi ni moja tu, isomwe yote kama ilivyo, bila kuruka sehemu za ugomvi, kwa kuwa ukizitoa sehemu za ugomvi katika maisha ya mtu huyu kitakachobaki ni tarehe.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo baba yake, fundi mwashi, alikuwa hajamaliza kuiezeka, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho, na kwa kuwa alitanguliza miguu na kumtesa mama yake kwa saa kumi na nane, mkunga alimpokea kwa maneno kwamba huyu amekuja na kiherehere, ametaka kukagua sakafu kwanza. Mama yake hakucheka siku ile, na mambo mengi yaliyofuata hakuyacheka pia.

Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka sita, alilifungua jiko la mafuta ya taa la mama yake, jiko pekee la nyumba ile, akapanga vipande vyake mkekani kuanzia kikubwa hadi kidogo, na mama aliporudi sokoni na kumuuliza anafanya nini, akajibu bila hata kusimama kwamba anataka kujua moto unatoka wapi. Mama akamwambia, "Unatoka kwangu, na sasa hivi utauona." Akauona. Kisha, machozi hayajakauka, akalikusanya jiko lile upya, ikabaki skrubu moja mkononi, jiko likawashwa na likawaka vizuri kuliko zamani, jambo ambalo mama yake hakumwambia mpaka alipokuwa mtu mzima, maana angemwambia wakati ule angefungua na kitanda.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1981 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akasoma vizuri hadi darasa la nne, ambalo alilirudia mwaka 1985 kwa sababu ya mtihani mmoja wa hesabu uliosema kwamba pipa linajazwa na bomba la juu kwa saa mbili huku bomba la chini likilimwaga kwa saa tatu, je, litajaa baada ya muda gani, naye akaandika pale pa jibu, "Nani ameacha bomba la chini wazi?" Mwalimu akampa sifuri, baba yake akacheka hadi akaketi chini, na mama yake akashona sare ileile kwa mwaka wa tano. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, sekondari mwaka 1992, na katikati ya hapo, tarehe 9 Septemba 1991, baba yake alifariki dunia, akiwa amemfundisha wakati wa likizo kupanga tofali, kuchanganya udongo, na kutowahi kuweka saruji mahali pa moto, kitu ambacho wasikilizaji wanaombwa wakishike, kitakuja kuhitajika. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 1993, akahitimu Novemba 1995, na mkufunzi wake aliandika katika barua ya mwisho kwamba kijana huyu ana bidii, ana nidhamu, ila anauliza kuliko anavyoulizwa.

Alianza kazi siku ya Jumatatu, tarehe 8 Januari 1996, katika shule ya sekondari iliyo jirani na machimbo ya kokoto, akifundisha hesabu na sayansi kwa chaki na kitabu kama walimu wengine wenye akili timamu, na kwa miaka mitano mama yake aliishi kwa raha. Kilichoiharibu raha ile ni sifuri moja. Mwezi Mei mwaka 2001, kwa haraka zake, aliandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi kumi, akiisahau sifuri ya pili, wanafunzi arobaini na sita wakainakili, hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono, na kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi arobaini na mmoja kati yao wakamrudishia kosa lake likiwa limeandikwa kwa mwandiko safi na kupigiwa mstari. Alirudi nyumbani hakula, akakaa kwenye ngazi ya mlango, na mama yake alipomwambia kwamba makosa ni ya binadamu, alijibu, "Hao hawakukosea, hao wamenitii, na hilo ndilo linalonitisha."

Kuanzia hapo hakuna aliyepumzika. Kila mwanafunzi aliyempa jibu, liwe sahihi au si sahihi, aliulizwa, "Umejuaje?", na kila darasa alilolishika alilianzisha kwa swali moja lililotoka katika maisha yao wenyewe, akaliandika juu kabisa ya ubao upande wa kushoto, akalizungushia mstari wa chaki nyekundu, na ilikuwa marufuku kulifuta mpaka darasa lilijibu kwa vitendo, hata mkaguzi akija, hata sikukuu ikipita, hata chaki yenyewe ikianza kupauka. Wanafunzi wakampa jina la Umejuaje, walimu wenzake wakalichukua, na mwishowe hata barua zake za kikazi zilikuja zikisomeka hivyo kwa penseli pembeni. Na hakuacha mambo hayo shuleni. Mama yake akisema chumvi imezidi, umejuaje. Akisema mvua inakuja, umejuaje. Akisema goti linamuuma, umejuaje, mpaka siku hiyo akamjibu kwamba amejua kwa sababu goti ni lake.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1998, na mkewe, fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba yao, na alipoulizwa mbele ya mashahidi kama anamkubali binti huyu alijibu ndiyo, moja kwa moja, bila swali la nyongeza, na mama yake anaamini kwamba hiyo ndiyo mara pekee. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 2000, ambaye ni fundi wa maabara na ndiye anayewasomea, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2004, anayesomea umeme, na wote wawili walilelewa katika nyumba ambamo huwezi kuomba ruhusa ya kwenda popote bila kuchora ramani.

Mwaka 2003 alihamishiwa shule ya pili, na tarehe 10 Januari 2011 akahamishiwa shule hii ya tatu ambako amefanya kazi hadi mwisho, na sasa inabidi wasikilizaji wavumilie kidogo, kwa kuwa yaliyotokea mwaka huu peke yake ni mengi kuliko ya miaka kumi na mitatu iliyotangulia.

Mkondo wa D wa kidato cha pili unakaa chumba cha mwisho cha varanda, kati ya stoo na jiko la shule, na kila aliyesoma pale anajua kwamba D hawapangwi, wanawekwa, kama viti vilivyovunjika mguu. Kwenye rejista walikuwa thelathini na wanane, waliokuwa wakifika ni ishirini na watatu, waliobaki wakibeba mizigo, wakilea wadogo zao, au wakilala tu, na hao waliofika walikuwa wakilala pia ila juu ya madawati. Marehemu alipopewa darasa hilo Januari hii, aliwauliza ni kitu gani kinachowasumbua zaidi katika shule ile, na binti mmoja wa miaka kumi na saba, ambaye kwa mdomo wake wanamwita Wakili, akasema bila kuinua kichwa, "Njaa, Mwalimu, unadhani nini?" Darasa likacheka, yeye hakucheka, na siku ya Jumatatu, tarehe 15 Januari 2024, aliandika juu ya ubao swali, "Kwa nini chakula chetu cha saa saba kinafika saa tisa?", akalizungushia chaki nyekundu.

Jibu walikuwa nalo tangu asubuhi hiyohiyo, mpishi ni mvivu. Umejuaje? Basi wakapelekwa jikoni kwa zamu, na saa ya ukutani iliyotolewa ofisini bila ruhusa, kumwangalia mpishi wa shule, mama mnene mwenye miaka kumi na tisa kwenye moshi ule, ambaye shule nzima humwita Jenerali, naye Jenerali alimwambia marehemu, "Mwalimu, leo umeniletea polisi, kesho utaniletea hakimu." Polisi wale walihesabu kuni, wakapima maji kwa ndoo, wakaandika dakika, na baada ya juma moja wakagundua kwamba Jenerali huwasha moto saa mbili asubuhi, hapumziki hata robo saa, na kwamba sufuria la lita mia mbili lililokaa juu ya mawe matatu lilikuwa likipata moto kidogo tu, mwingine wote ukipasha ukuta joto. Wakili alikwenda kumwomba radhi Jenerali kwa niaba ya darasa, jambo ambalo mama yake Wakili alikataa kuliamini. Kisha wakasema watajenga jiko. Hakuna aliyewatuma. Kufikia Februari walikuwa wanafika thelathini na wanne, wengine kabla ya kengele, wakigombania nani ashike futi, na mama yake marehemu alipoletewa habari hizo kwa shangwe wakati anachambua mboga, alisema kupima kuni si kusoma, na kauli hiyo hadi leo hajaibadilisha yote, amebadilisha nusu.

Jiko la kwanza liliwachukua wiki sita za kelele. Walibishana kuhusu mdomo wa kuni, walibishana kuhusu dohani ya kutolea moshi, ila kwenye kitu cha kuunganishia tofali hawakubishana hata kidogo, walichagua saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu na kila mtu anajua kitu kigumu ndicho bora. Marehemu, mtoto wa mwashi, alisimama pale na mikono yake nyuma, akiangalia saruji inapakwa mahali pa moto, akanyamaza. Siku ya Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa tano na nusu asubuhi, jiko lilipasuka kwa mlio uliosikika hadi ofisini, sufuria likainama, na chakula cha watu mia nne na themanini kikaenda majivuni.

Ijumaa yake marehemu aliitwa mbele ya kikao cha walimu, na Mwalimu Mkuu, ambaye anajua kwamba wanafunzi humwita Kengele na halimsumbui, alimuuliza kama alijua saruji itapasuka, akasema alijua, akamuuliza kama alinyamaza, akasema alinyamaza, akamuuliza kama shule nzima ishinde njaa kwa ajili ya somo la watoto thelathini na wanne. Hapo mama yake yuko upande wa Mwalimu Mkuu, na anaomba ieleweke hivyo, hata mbele ya jeneza hili. Marehemu alijibu kwamba kunyamaza hakujutii, ila kuliwasha kwa mara ya kwanza siku yenye chakula cha watu ndani lilikuwa kosa lake, si la watoto, lilitakiwa kujaribiwa na maji siku ya mapumziko. Ni mara chache kumsikia akisema kosa langu bila kukuuliza umejuaje. Kikao kiliamua kwamba D wapewe hadi Ijumaa tarehe 31 Mei, na kama siku hiyo hakutakuwa na jiko linalofanya kazi, mkondo utavunjwa, wanafunzi wote watarudishwa kidato cha kwanza wakaanze upya kwa kitabu, na mwalimu atafundisha kama wenzake. Wakili alilipokea tangazo hilo akiwa amesimama, akasema, "Mwalimu, mimi nikirudishwa cha kwanza nitakaa dawati moja na mdogo wangu. Sitakuja. Na nusu ya hawa hawatakuja, tusidanganyane."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu mwishoni mwa Machi, akasema ni viatu, mkewe akasema si viatu, na tarehe 2 Aprili 2024 alilazwa katika hospitali ya rufaa, wodi ya wanaume ghorofa ya pili, kitanda cha sita karibu na dirisha, ambako iligundulika kwamba figo zote mbili zilikuwa zimechoka muda mrefu. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hali si nzuri. Mnajua alichomuuliza daktari. Naye daktari, muungwana yule, alivuta kiti, akatoa karatasi za vipimo, akamweleza mstari kwa mstari kwa saa nzima, na marehemu akamshukuru kama mtu aliyeletewa zawadi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Aprili, wanafunzi sita wa D walikuja hospitalini na mchoro uliofutwa na kuchorwa hadi karatasi imetoboka, saruji wameshaikimbia, sasa wanatumia udongo na majivu, lakini wamekwama, hawajui nafasi ya kuacha kati ya sufuria na ukuta wa jiko, wala upana wa dohani, na tarehe inakaribia. Marehemu akawauliza wanadhani ni ngapi. Wakasema hawajui, ndiyo maana wamekuja. Akawauliza wangejuaje kama asingekuwepo. Mama yake, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda akimenya chungwa, alijua kwamba chini ya mto ule kuna daftari la bluu, na ndani ya daftari kuna jiko limechorwa na vipimo vyake vyote, alikuwa ameliona kwa macho yake, na akamwambia, "Mwanangu, watoto wanafukuzwa shule, wewe umelala juu ya jibu kama kuku. Waambie." Akatabasamu tu. Watoto wakaaga, na marehemu akashikwa na usingizi wa dawa.

Hapa ndipo mama yake alipofanya alichofanya, naye hataki kisimuliwe na mtu mwingine. Alilivuta daftari, akatafuta ukurasa wenye jiko, na kwa kuwa alisoma hadi darasa la pili tu na mwandiko wa kuunganisha humshinda, maneno aliyaacha, akanakili namba zote nyuma ya karatasi ya dawa, akashuka ngazi mbio kwa goti lile lile, akawakuta wanafunzi getini, akampa Wakili. Wakili aliziangalia kwa muda mrefu, akasema, "Bibi, hivi vipimo mbona vidogo? Umejuaje kama ni vya jiko letu?" Bibi akamwambia, "Mimi ndiye niliyemzaa. Unataka kubishana na mwalimu wako?" Binti akaikunja karatasi.

Jiko la pili lilijengwa kwa siku nne. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na kelele, hakuna aliyebaki baada ya kengele, na walioshika mwiko wa kupakia udongo walikuwa tisa, waliobaki walikaa kivulini wakisubiri wamalize, na Jenerali, aliyekuwa amezoea wamjazie jiko maswali, aliwatazama akasema hawa leo wanajenga kama watu wanaofua nguo za mtu mwingine. Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, waliliwasha likiwa na maji matupu, somo hilo angalau walikuwa wamelipata, na moshi wote ukarudi ndani, Jenerali akatoka anakohoa na khanga usoni, moto ukazimika wenyewe. Jioni ile, wanafunzi watakaofika shuleni kesho yake walihesabika kabla hata kesho haijafika, kwa maana kumi na mmoja waliaga kabisa.

Walikuja tena Jumamosi, tarehe 4 Mei, wakiwa wanne, wakasimama kando ya kitanda kama watu wa msiba, wakamweleza marehemu kilichotokea pamoja na vipimo, naye akawauliza, "Hivyo vipimo, mmejuaje?" Wakili akaangalia sakafu, hakutaja mtu, na mama yake marehemu anakiri kwamba heshima aliyoipata kwa binti yule siku hiyo hajawahi kuipata kwa mtu mzima yeyote. Mama akasema mwenyewe, ni mimi. Akalitoa daftari, akafungua ukurasa ule. Marehemu aliuangalia, akaanza kucheka, akacheka hadi chupa ya dripu ikawa inacheza kwenye mti wake na muuguzi akaja kuona kuna nini, na alipopata pumzi akasema, "Mama, hili ni jiko lako. Nimelichora la sufuria lako lile dogo, nilitaka nikutengenezee likizo ya Juni, uache kukohoa." Mama yake alimwambia afunge mdomo apumzike. Kisha akamuuliza, kwa hasira maana hakuwa na kitu kingine cha kuuliza nacho, sasa la shule liko ukurasa gani, naye akajibu mbele ya watoto wale wanne kwamba halipo, hajawahi kujenga jiko la lita mia mbili, hajui nafasi ni ngapi, saruji aliijua lakini hili halijui, alikuwa anasubiri wao wamwambie.

Mama yake anaomba mfikirie jambo hilo kidogo. Miaka hamsini anadhani mtoto huyu anajua na anaficha, kumbe wakati mwingine alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

Wanafunzi wale walitoka wodini wakikimbia, muuguzi akawakemea kwenye korido. Kwenye uwanja wa shule wakatengeneza majiko madogo kumi na mawili ya udongo kwa makopo ya rangi, kila moja na nafasi yake, wakawasha, wakashika vipande vya karatasi nyembamba juu ya dohani kuangalia upepo unavyovutwa, wakaandika, wakapigiana kelele, wakamwendea Jenerali na kumuuliza yeye anaonaje, na Jenerali, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anaonaje, aliwaambia mdomo wa kuni wameuelekeza upande ambao upepo wa mchana unaingia, wageuze. Wakageuza. Waliorudi kwanza ni watano, kisha tisa, kisha wote kumi na mmoja, pamoja na wawili ambao hawakuwahi kuonekana tangu Januari, na kila Jumamosi walimletea marehemu namba, naye akawauliza alichowauliza siku zote, wakamjibu, wakamjibu vizuri, wakati mwingine wakamjibu kabla hajafungua mdomo.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, kitanda kilekile cha sita, mkewe akiwa upande wa kulia na mama yake upande wa kushoto, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi miwili na siku saba. Ukuta wa jiko la tatu ulikuwa umefika kiunoni. Hakuliona.

Jana Ijumaa, tarehe 24 Mei, mama yake aliondoka msibani bila kuaga mtu, akaenda shuleni kwa miguu yake, akaingia jikoni saa nne asubuhi, akakuta jiko linawaka na moshi unatokea juu ya paa kama unavyotakiwa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nje kikakaa bila kuungua, akainama kuangalia kuni, na Jenerali akamwambia zilizotumika ni kumi na moja, zamani zilikuwa thelathini na nne. Chakula kiliiva saa saba kasoro dakika ishirini. Kengele ya chakula ilikuwa haijagongwa. Mama yake aliwatazama watoto wale, wamejaa masizi hadi kwenye kope, akatafuta neno la kuwaambia, na lililomtoka, bila yeye kulipanga, ni "Mmejuaje?" Wakamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wakamweleza kila kitu, nafasi ya vidole vitatu na kwa nini si viwili, dohani na kwa nini si nyembamba, wakipokezana, wakikatizana, Wakili akiwasahihisha wote, na mama yake, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumfafanulia jambo lolote hadi akalielewa, alilielewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume ghorofa ya pili, hasa daktari yule aliyejibu maswali yote na muuguzi aliyeyavumilia, inawashukuru majirani walioleta viti na maji, na wale walioleta ushauri pia, inawashukuru walimu wenzake, pamoja na waliokuwa wakimcheka ofisini, kwa kuwa wamekuja. Inamshukuru Jenerali, ambaye maji ya chai mtakayokunywa leo ameyachemshia kwenye jiko lile, na watoto wa D, ambao wamesimama pale nyuma na wamekatazwa kulia mpaka historia imalizike. Na mama yake marehemu anamshukuru kwa namna ya pekee Mwalimu Mkuu, aliyemwambia jana pale jikoni kwamba suala la mkondo wa D atalifikiria, anamshukuru mapema, mbele yenu nyote na mbele ya jeneza hili, kwa kutowarudisha watoto hawa kidato cha kwanza, kwa kuliacha darasa lao pamoja, na kwa kuliacha lile swali juu ya ubao mpaka walifute wao wenyewe Jumatatu. Mama anajua kwamba mtu mwenye heshima zake hawezi kuikataa shukrani aliyopewa mahali kama hapa. Akitaka kumuuliza amejuaje, anamkaribisha.

Pumzika kwa amani, mwanangu wa mwisho, jiko langu la Juni watanijengea wao, wameshachukua vipimo vya sufuria, na huko uendako tafadhali wasalimie watu kwanza, wakuonyeshe mahali pa kukaa, ndipo uanze kuuliza.